Kifaa kiko juu ya paa, GNU Radio iko sebuleni

Mkuu mleta mada, umesema RTL-SDR yako (kile kipokezi kidogo cha redio cha USB) umeichomeka kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo, huko juu karibu na antena, unataka data yake iingie GNU Radio, programu ya kuchakata mawimbi ya redio, kwenye laptopu chini, na unachopata ni chenga tupu. Ugonjwa huo niliuguza wiki tatu, acha nikusimulie.

Anza na rtl_tcp, programu ya kwenye Pi inayotuma data ya kifaa kupitia mtandao. Usipoielekeza, inajifungia kwenye 127.0.0.1, yaani inaongea na Pi yenyewe tu, na laptopu itagonga mlango mpaka asubuhi. Iwashe kwa `rtl_tcp -a 0.0.0.0`, poti ni 1234. Hilo ni la dakika moja.

Kilichonitesa mimi ni ujanja wangu mwenyewe. GNU Radio inataka namba changamano za desimali, basi nikaona Pi ndiyo izigeuze kabisa kabla ya kutuma. Hesabu sikupiga. Kifaa hiki kinatoa kila sampuli, yaani kipimo kimoja cha wimbi, kama jozi ya baiti, moja ya I na moja ya Q, zile sehemu mbili za namba changamano. Ukiweka sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, hizo ni megabiti 38.4. Ukishazigeuza desimali, kila sampuli inakula baiti 8 na mzigo unafika megabiti 153.6. Pi yangu ni 3B, na poti yake ya LAN mwisho megabiti 100. Sauti ikawa inakuja vipande vipande, na kwenye skrini zinajipanga aUaUaUaU, maana yake kadi ya sauti imekosa cha kucheza. Mimi huyo nikapanda juu kubadilisha antena. Mara mbili!

Kwa hiyo tuma baiti mbichi, ugeuzaji ufanyie kwenye laptopu: kila baiti toa 127.5, kisha gawa kwa 127.5. Ukitumia bloku ya osmocom Source, kile kisanduku cha GNU Radio kinachopokea data ya kifaa, iandikie tu `rtl_tcp=` ikifuatiwa na IP ya Pi na poti, kazi hiyo inaifanya yenyewe. Bloku ya Throttle, ile breki ya kasi ya data, itoe kabisa, kifaa kina saa yake. Na kama shida yako ni stesheni moja ya FM, shusha hadi sampuli 250,000: megabiti 4 tu, hata waifai ya kuungaunga inabeba. Usijaribu 500,000 lakini, kifaa kitakataa. Kuanzia juu kidogo ya 300,000 hadi 900,000 hakifanyi kazi.

Sasa kuna hili ambalo karibu linitoe roho. Baadaye niliandika kiskripti changu cha Python cha kupokea baiti. Soketi ya TCP haikuahidi idadi, mara inakupa baiti 4096, mara 1459. Ikija witiri, mimi nilikuwa naitupa ile moja ya mwisho, nikidhani baiti moja si kitu. Kumbe kuanzia hapo I imekuwa Q na Q imekuwa I, na spektra nzima, yaani picha ya masafa yote, inageuka kama uso kwenye kioo. Nimekaa katikati ya 100.0 MHz, stesheni ya 100.3 naiona kwenye 99.7. Sauti yenyewe safi kabisa! FM ikigeuzwa, wimbi la sauti linapinduka juu chini, na sikio halijui tofauti. Nilishtuka nilipojaribu kusoma sensa ya joto inayotuma kwa FSK, yaani 0 na 1 kila moja na masafa yake: kila 0 imekuwa 1, kila 1 imekuwa 0. Dawa yake ni kuitunza ile baiti iliyobaki na kuiunga mbele ya fungu linalofuata. Mstari mmoja wa kodi.

Umegusia pia kufuatilia ndege. Hapo mimi nisingehangaika kusafirisha sampuli hata kidogo. Weka dump1090, programu ya kusoma ishara za ndege, kwenye Pi, iachie kazi ya 1090 MHz, masafa zinakotumia ndege hizo, huko huko juu, halafu laptopu isome poti 30003. Inakuja mistari ya maandishi inayoanza na MSG, imetenganishwa kwa mkato: namba ya ndege, mwinuko, latitudo, longitudo. Ni data kidogo mno, mtandao hata hauhisi.

Jaribu kwanza kwa waya wa LAN, waifai baadaye. Ikigoma, rudi hapa uniambie umeweka sampuli ngapi kwa sekunde na Pi yako ni toleo gani, na ubandike picha ya mchoro wako wa GNU Radio tuuangalie.