Indiketa za Pikipiki za Zamani: Fungua Swichi Kabla ya Kuitupa

Barua nyingi za safari hii zinahusu indiketa za pikipiki za zamani, na nyingi kati yake zina sentensi ileile: "Fundi ameniambia swichi imekufa." Ukiuliza kama swichi ilifunguliwa ikatazamwa ndani, jibu ni hapana. Nimechagua hizi chache.

Nina Honda CB ya miaka ya 70. Indiketa ya kushoto inawaka nikiibana swichi kwa kidole gumba; nikiachia inazima. Ninunue swichi mpya?

Usinunue. Swichi yako ni nzima ila ni chafu. Ndani mna kipande cha shaba kinachokandamizwa na springi, kinachoteleza juu ya vichwa vidogo vya shaba. Kimoja kinapokea umeme kutoka kwenye flasha (kile kifaa kinachofanya taa zipepese), vingine vinaupeleka kushoto au kulia. Grisi ya kiwandani ikishakaa miaka hamsini inaganda kama nta, na shaba inaota kutu ya kijani. Unapobana kwa kidole unaisaidia springi kuupenya uchafu huo.

Chomoa waya wa hasi wa betri kwanza. Kisha angalia skrubu. Pikipiki za Japani za wakati ule zina skrubu za JIS, yaani kiwango cha viwanda cha Japani, na mara nyingi utaona kitone kidogo kichwani. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai vizuri humo. Inateleza na kuzikwangua. Tafuta ya JIS, maana skrubu iliyoliwa kichwa imeshawafanya wengi watoboe swichi nzuri kwa drili.

Fungulia juu ya sinia lililotandikwa taulo jeupe. Mna goroli ndogo na springi yake, na zikiruka sakafuni huzioni tena. Piga picha kila hatua. Safisha kwa spiriti na mswaki, kisha sugua shaba kwa kifutio cha penseli. Msasa uache: unaila shaba ambayo huna pa kuipata nyingine, na mikwaruzo yake inashika uchafu upya. Springi ikiwa imelegea, ivute kidogo tu. Paka vaselini kiduchu kwenye shaba, grisi kidogo kwenye goroli, funga.

Halafu rudisha waya wa betri upime, usiridhike kwa sababu taa imewaka. Chomoa flasha na uunganishe waya zake mbili kwa kipande cha waya ili taa iwake bila kupepesa. Weka mita ya kupimia umeme kwenye volti DC, ncha moja mahali umeme unapoingilia swichi, nyingine unapotokea. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, rudi ukasafishe. Usipime kwa omu (ukinzani), kwa kuwa mita inapitisha umeme mdogo mno na swichi chafu itaonekana nzuri. Taa mbili za wati 21 kwenye mfumo wa volti 12 zinakula ampea 3.5, kwenye volti 6 zinakula ampea 7. Wenye pikipiki za volti 6 wasikie: uchafu uleule unawapotezea volti mara mbili, na volti zenyewe mlikuwa nazo nusu.

Swichi mpya za kuiga zina plastiki nyepesi, na rangi za waya zake mara nyingi hazilingani na zako. Ukishaifunga, ile ya asili inaishia kwenye taka, na hapo ndipo pikipiki ya kale inapoanza kupoteza thamani.

Upande wa kulia taa zinawaka lakini hazipepesi. Kushoto ni sawa. Ni swichi?

Balbu moja ya kulia imeungua, au imewekwa yenye wati pungufu, au waya wake wa hasi umeoza. Swichi haihusiki.

Indiketa zote haziwaki. Nibadilishe nini?

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na bado linaletwa bila kusema kama fyuzi imetazamwa. Usibadilishe chochote kabla ya kupima. Fyuzi ikiwa nzima, fungua taa kubwa, utazame soketi za waya zilizomo ndani. Kwenye Honda, kijivu kinatoka kwenye flasha, rangi ya chungwa inakwenda kushoto, buluu ya mwangaza kulia. Kwenye Yamaha utakuta kahawia yenye mstari mweupe, kahawia iliyoiva ya kushoto, kijani kilichoiva cha kulia. Unganisha ule wa flasha na wa kushoto moja kwa moja. Taa zikipepesa, kosa liko kwenye swichi au waya zake. Zisipopepesa, swichi iache ipumzike, urudi kwenye flasha na umeme unaoifikia.

Na atakayeniandikia kwamba amefunga fyuzi kwa karatasi ya sigara ili "ajaribu tu", ajue kwamba anajaribu kuichoma pikipiki.

Nikipulizia mafuta ya kopo bila kufungua, si inatosha?

Haitoshi. Yanaiyeyusha grisi chakavu na kuipeleka palepale shaba zinapokutana. Wiki ya kwanza utafurahi.

Nimeweka balbu za LED. Nikiwasha upande mmoja, zinapepesa zote nne.

Una taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, sivyo? Taa hiyo imefungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia. Umeme wa upande uliowashwa unapita humo na kutafuta hasi kupitia balbu za upande wa pili. Balbu za zamani hazikuwaka kwa umeme mdogo hivyo, LED zinawaka. Weka dayodi mbili (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), moja kutoka kila upande, zikutane kwenye waya mmoja wa taa ya dashibodi, na waya wake wa pili uupeleke hasi. Utahitaji pia flasha ya kielektroniki, kwa sababu ya zamani inategemea joto la umeme mwingi. Kasi inayokubalika ni kupepesa mara 60 hadi 120 kwa dakika.

Wenye Triumph na BSA za mwanzoni mwa miaka ya 70, ngojeni kwanza: kwenu chanya ndiyo iliyofungwa kwenye fremu. Flasha nyingi za kielektroniki zenye miguu mitatu zinataka hasi kwenye fremu, na zikifungwa kinyume zinakufa.

Indiketa zinakata nikigeuza usukani tu.

Waya umekatika ndani ya ganda lake, kwenye shingo ya usukani, unapokunjwa kila siku. Geuza usukani taratibu huku mita imeunganishwa, utaona inapopoteza. Usiunge hapohapo panapokunjika, kwa kuwa risasi ya kulehemu inaufanya waya uwe mgumu na utakatika tena pembeni. Weka kipande kirefu cha waya mpya, maungio yakae ndani ya taa kubwa na chini ya tangi, yafunikwe kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Kisha geuza usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, uhakikishe hakuna waya unaovutwa.