Springi za kuongeza hazigeuzi pikapu ya tani moja kuwa ya tani mbili

Mkuu, umeuliza kama pikapu yako ya singo kebini, hizi tunazoziita za tani moja, inaweza kupandisha saruji na mchanga kutoka Moshi mjini hadi saiti yako Kibosho. Fundi amekuambia ukiongeza springi mbili kila upande itabeba tani mbili bila wasiwasi. Nakuomba usizifunge hizo springi kabla hujasoma hapa. Ushauri huohuo niliupokea mwaka 2017, nusura utuue mimi na utingo wangu.

Nilikuwa nashusha ndizi kutoka Uru kwenda soko la Mbuyuni. Springi mpya, nyuma haijalala hata kidogo, nikapakia mikungu 45. Mkungu mmoja ulikuwa kama kilo 30, piga hesabu mwenyewe. Kwenye mteremko wa pili nikasikia harufu ya kuungua, nikadhani ni lori lililotangulia. Kukanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini, laini kama sponji. Nikarudisha gia ya pili, injini ikalia kwa nguvu, nikavuta hendibreki na kuiegemeza gari kwenye ukingo wa udongo kando ya shamba la kahawa. Ikasimama. Tone la maji likidondokea breki za mbele linachemka na kupotea hapohapo. Nikaenda nyuma, ambako ndiko mzigo wote ulikokuwa, nikagusa dramu kwa kidole: vuguvugu tu.

Hilo ndilo lililonisumbua wiki nzima, mpaka fundi mwingine akalala chini ya gari na kunionyesha. Pikapu nyingi zina valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kifimbo. Mzigo ukishusha bodi, valvu inafunguka na breki za nyuma zinapata nguvu zaidi. Gari ikiwa tupu valvu inabana, ili tairi za nyuma zisijifunge na kuserereka. Sasa ukiongeza springi, bodi haishuki, na valvu inaona gari ni tupu wakati umebeba zaidi ya tani. Breki za mbele zinafanya kazi karibu peke yake, zinapata moto, na mafuta ya breki ya siku nyingi, yaliyokwisha kunyonya unyevu, yanachemka. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei, ndiyo maana pedali inazama. Chungulia karibu na ekseli ya nyuma uone kama yako ina kifimbo hicho. Tena springi haziongezi chochote kwenye ekseli, beringi, chesisi wala tairi. Zinaficha tu kule kulala kwa nyuma ambako kungekuonya.

Haya, hesabu. Chukua kadi ya gari uangalie uzito wa jumla na uzito wa gari tupu. Yangu inasema kilo 2,710 na 1,560. Ukitoa unapata 1,150, na wengi wanaishia hapo wanapakia mifuko 23 ya saruji. Mimi niliipeleka kwenye mizani ya ghala la nafaka, tanki limejaa, bomba za chuma juu ya bodi, jeki, spea na vifaa vyangu vyote vimo: 1,740. Mimi na utingo tuna kilo 150. Kilichobaki ni 820, yaani mifuko 16. Uzito wa jumla unahesabu kila kitu kinachokalia tairi, pamoja na abiria wako na dizeli yako. Ukiwa mizanini pima pia ekseli ya nyuma peke yake, kwa sababu nayo ina kikomo chake.

Tairi zako ulizinunua wapi? Angalia namba ya uwezo wa kubeba, iliyoandikwa ubavuni baada ya saizi. Tairi ya mzigo ya 195R14C yenye 106/104 inabeba kilo 950 ikiwa moja kila upande. Tairi ya gari ndogo ya 195/70R14 yenye 91 inabeba kilo 615. Kwa macho zinakaribiana na zote zinaingia kwenye rimu ya inchi 14, lakini kwa tairi mbili za nyuma umepoteza kilo 670. Nimeona pikapu nyingi hapa Moshi na Arusha zimevalishwa hizo za pili kwa sababu ni bei rahisi, na inaniumiza sana. Upepo jaza kwa kipimo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kibao cha mlangoni, usikisie kwa kupiga teke.

Mchanga ndio unaodanganya watu. Mita moja ya ujazo ukiwa mkavu ni kama tani 1.6, na ukinyeshewa unakaribia mbili. Bodi ya urefu wa mita 2.3, upana 1.5 na kina 0.4 ukiijaza msawazo tayari umepita tani mbili. Pima kwa ndoo ya lita 20: mkavu ni kama kilo 32. Kwa kweli mchanga wa Kibosho kodi tipa, saruji beba mwenyewe.

Saruji ipange kuanzia nyuma ya kebini kuja nyuma, uzito mwingi ubaki mbele ya ekseli. Ukiulundika kwenye mlango wa nyuma wa bodi usukani unakuwa mwepesi, na taa zako usiku zinawapiga machoni wanaokuja. Na usijipe moyo kwa sababu pale mizani ya barabarani ya Njia Panda wanashughulika na magari yenye uzito wa jumla wa zaidi ya tani 3.5. Breki zako hazijui habari hiyo.

Weka hapa picha ya kadi (funika jina na namba ya gari), ya kibao cha mlangoni na ya ubavu wa tairi. Nitakupigia hesabu ya mifuko leo hii.