Raba mpya haizibi kutu: kwa vijana wanaoanza kazi ya vioo

Wadogo zangu, nawaandikia nikiwa na hasira kidogo, na mnajua siwezi kumkasirikia mtu nisiyemjali. Kila masika yakikaribia, gereji zetu hapa Arusha zinajaa Land Rover One Ten na Land Cruiser za zamani, zote na malalamiko mamoja: "Fundi, gari inavuja." Na kila mwaka naona mambo yaleyale. Kijana anang'oa raba kuukuu inayozunguka kioo kuzuia maji, anachomeka mpya, anazungusha silikoni ya kuzibia pembeni, anamwagia ndoo moja ya maji, anampigia tajiri, yaani mwenye gari, simu kwamba tayari. Mvua ya kweli ikinyesha gari linarudi, na sasa lina kutu juu ya kuvuja. Basi nimeona niyaandike, maana kusema mdomoni nimeshasema sana.

1. Jua maji yanaingilia wapi kabla hujashika bisibisi.

Mahali maji yanapoonekana sipo yanapoingilia. Dereva wa One Ten akikwambia miguu inalowa, wengi wenu mnakimbilia raba ya kioo cha mbele. Iangalie, sawa, lakini kwanza fungua vile vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo uone kama sponji zake bado zipo. Angalia raba iliyolala kati ya fremu ya kioo na bodi. Angalia pale juu fremu inapokutana na paa. Njia zote hizo zinamwaga maji palepale, kwenye miguu ya dereva. Nimeshuhudia tajiri akiuziwa raba ya kioo, akauziwa na kioo chenyewe, wakati shida ilikuwa sponji ya kifuniko.

Kwa hiyo toa kapeti, kausha, mmoja aingie ndani na tochi, mwingine abaki nje na mpira wa maji. Aanzie chini, apande polepole, akae kila sehemu mpaka yule wa ndani aseme endelea. Ukianzia juu maji yatateremka kila mahali na hutajua kitu. Na msitumie mashine ya kuoshea magari, jamani. Presha ile inapita hata kwenye raba nzima.

Gari likitoka porini, lisomeni kabla halijaoshwa. Udongo mwekundu wa Karatu unaandika wenyewe. Fungua mlango, angalia raba yake: palipobana ni pasafi, palipolegea pana mstari wa vumbi umevuka kuingia ndani. Vumbi lilipopita, maji yatapita. Mnaosha gari kwanza ili lipendeze, halafu mnaanza kutafuta kwa kubahatisha.

2. Chuma kwanza, raba baadaye.

Hapa nitakaa, maana ndilo jambo lililonifanya nianze kuandika.

Zamani, nilipokuwa na haraka ya kuitwa fundi, nililetewa One Ten ya zahanati moja ya mbali. Kazi ilikuwa raba ya kioo cha mbele tu. Nikatoa kioo, na kwenye pembe ya chini upande wa kushoto nikakuta mdomo wa fremu umeliwa. Niliposugua kwa brashi ya waya ulitoka maganda, na ncha ya bisibisi ikatokea upande wa pili. Mnajua kwamba bodi ya Land Rover nyingi yake ni alumini, lakini fremu ya kioo ni chuma, na chuma hicho kinaoza kuanzia ndani, kimya kimya, huku nje rangi ikiwa imetulia. Kilichotakiwa nilikijua vizuri: fremu ishuke, palipooza pakatwe, pachomelewe bati jipya, papigwe praima, rangi ikauke sawasawa. Ni kazi ya siku kadhaa.

Dereva, mzee mmoja mpole, alikuwa amekaa kwenye benchi ananisubiri, anataka alale kwake. Sikumwambia nilichokiona. Nilichanganya puti, ule mchanganyiko laini wa kujazia mashimo ya bodi, nikajaza lile tundu, nikapiga msasa, nikapaka rangi, na kabla rangi haijashika nikavalisha raba. Juu yake nikazungusha silikoni, ile ya bei nafuu inayonuka siki.

Ile harufu ya siki ni asidi. Silikoni ya aina hiyo huitoa inapokauka, na ikikutana na chuma kilicho wazi inachochea kutu. Maana yake nilifungia pamoja kutu, unyevu na asidi, nikavifunika visionekane. Kwa nje kazi ilipendeza na nikasifiwa.

Puti ilikuwa imeacha kinundu kidogo, na kioo cha mbele hakivumilii kinundu. Ni matabaka mawili ya kioo yaliyobanwa na plastiki katikati. Ukikibana sehemu moja, barabara ya makorongo itamaliza kazi. Ufa ulianzia pembe ileile ukapanda hadi mbele ya macho ya dereva. Masika yalipokolea puti ikaachia, maji yakashuka nyuma ya dashibodi mpaka kwenye fyuzi, na waipa zikazima usiku, mvua ikimwagika, nyuma amelazwa mama mwenye uchungu wa kujifungua. Walisimama pembeni mpaka mvua ilipopungua. Mama alifika salama, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini ile saa waliyokaa gizani naijua ilitoka mikononi mwangu.

Yule mzee hakunifokea. Alirudisha gari, akanipa funguo, akasema: "Mwanangu, ungeniambia tu kwamba kazi ni ya siku tatu. Ningelala mjini."

Nilifumua ile silikoni mwenyewe. Ilitoka utepe mzima, inang'aa, haijaachia hata kidogo, na chini yake chuma kilikuwa kinabonyea kwa kidole gumba, kikitoa maji ya kahawia. Fremu nilinunua kwa pesa yangu, na kioo pia. Kilichoniuma zaidi ni lile neno "ungeniambia tu". Puti ilikuwa kosa la mikono. Kunyamaza lilikuwa kosa la aina nyingine, na ndilo ninaloliona kwenu: mnaona kutu, mnatazamana, mnaifunika.

Basi ukikuta kutu, piga picha, mwite tajiri aone, mwambie siku na gharama. Akikataa, mrudishie gari lake na raba yake. Akikubali, sugua mpaka chuma kiwe cheupe, paka dawa ya kutu, praima ya zinki, rangi, na uache ikauke. Palipotoboka panachomelewa, hapajazwi puti. Alumini ikiwa na unga mweupe pale inapogusana na chuma, nayo isafishwe na ipakwe kabla hujarudisha bolti. Kama lazima uongeze kitu kati ya raba na chuma, tumia ile gundi nyeusi ya vioo isiyokauka ikawa ngumu. Silikoni ya siki waachieni wanaotengeneza matangi ya samaki.

3. Usivute raba.

Raba ya kukatwa kwa mita ukiivuta ili ifike, itafika leo, na baada ya kukaa juani itarudi kwenye urefu wake na kukuachia mwanya. Kata ndefu kidogo, isukume ndani kuanzia kwenye kona. Ile iliyokuja imekunjwa kwenye mfuko, itandaze juani kwanza ilainike, mikunjo itoke.

4. Sabuni ya maji, si grisi.

Ukitaka raba iteleze unapoivalisha, usipake grisi wala oili, maana huvimbisha raba hizi na kuzilegeza. Petroli ndiyo usiiguse kabisa. Sabuni ya maji inatosha, inateleza, na ikikauka haina madhara.

5. Kamba na mikono miwili.

Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Valisha raba kwenye kioo kwanza, kona za raba zikae kwenye kona za kioo. Zungusha kamba nyembamba ya manila, laini, kwenye mfereji wa raba unaokwenda kukaa kwenye mdomo wa fremu, ncha zipishane chini katikati. Weka kioo kwa nje, ncha za kamba ziwe ndani. Wa ndani avute kamba kuelekea katikati ya kioo, taratibu, aone mdomo wa raba unavyogeuka kuvuka chuma. Wa nje afuate palepale kamba ilipo, apige kwa kiganja kilicho wazi. Kiganja, siyo ngumi wala nyundo ya raba.

Raba ikikataa kugeuka, simama. Usiongeze nguvu. Mara nyingi kioo kimekaa upande, au kona moja haijaingia. Mzee aliyenifundisha, Mungu amrehemu, alikuwa akiona mkono wangu unaanza kutetemeka kwa kuvuta ananinyang'anya kamba, ananituma nikanunue chai. Nikirudi amekitoa kioo nje, anasubiri tuanze upya. Wakati ule niliona ananipotezea muda. Sasa nawafanyia nyie, na najua mnanung'unika mkienda kununua hiyo chai.

Vioo vya pembeni ni habari nyingine. Vile ni vigumu, vilivyoimarishwa kwa moto kiwandani. Vinavumilia kusukumwa, lakini ukigusa ukingo kwa ncha ya chuma vinamwagika vyote punje punje. Kwa raba zenye utepe wa kufungia, tumia kijiti cha plastiki au mbao kuingiza utepe, na bisibisi ibaki kwenye boksi.

6. Maji kuingia mlangoni si kosa. Kutotoka ndilo kosa.

Hili linawashangaza wengi. Kioo cha kushuka na kupanda hakiwezi kuziba kabisa, kwa hiyo maji hupita kando yake, huteremka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini. Ukibadilisha raba za juu na chaneli za kioo, ile mifereji kinamoteleza kioo, bila kuzibua vile vitundu, umefanya nusu kazi. Chukua waya, zibua, utashangaa tope litakalotoka.

Halafu ile nailoni nyuma ya kava la mlango. Nani amewaambia ni takataka za kiwandani? Ndiyo inayoyarudisha maji ndani ya mlango yasiingie kwenye kapeti. Kila wiki naokota moja chini, imekanyagwa. Land Cruiser iliyokuja mwezi uliopita ilishabadilishwa raba zote za milango, za bei kweli, orijino, na bado sakafu ilikuwa bwawa. Nilifungua kava la nyuma kushoto: nailoni hakuna. Nikakata nyingine kwenye mfuko mgumu, nikaibandika kwa gundi, ukingo wake wa chini nikaupenyeza ndani ya mlango ili maji yaangukie ndani. Sakafu ikakauka. Tajiri akauliza zile raba alilipia nini, na mimi sikuwa na jibu la kumpa.

7. Mlango mgumu.

Raba mpya za milango zitafanya mlango ufunge kwa shida. Msikimbilie kulegeza kitasa. Raba inahitaji muda ilale, na ukisogeza kitasa leo, ikishalala mlango utapiga kelele na maji yatapita tena. Weka kipande cha karatasi kati ya raba na mlango, funga, vuta. Ikitoka kwa kubanwa kidogo, mahali pale ni pazuri. Ikiteleza tu, hapo pana kazi. Zunguka mlango mzima hivyo. Na mwambieni tajiri mapema kwamba wiki za kwanza atafunga kwa nguvu kidogo, la sivyo jioni hiyohiyo atapita kwa fundi mwingine akamlegezee, na raba mliyoiweka vizuri italaumiwa bure.