Anzia kwenye kina
Kaka, umeuliza pa kupunguza gharama: kwa bwawa hilo la kuogelea la mita 8 kwa 4 unalotaka kujenga Iyumbu, pesa kubwa iko kwenye kina. Ukishusha kutoka mita 1.5 hadi 1.2 umeokoa lita 9,600 za maji, na kwa mgao wa maji wa hapa Dodoma hilo si jambo dogo, bado hujahesabu kuchimba na zege la kuta. Nondo usibanie kabisa! Chimba kiangazi, shimo lisijae maji ya mvua. Baraza la kuzunguka bwawa lipige vitofali vya pevingi juu ya moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa vizuri, mteremko uelekee mbali na bwawa, la sivyo vumbi letu lote litaishia majini. Halafu turubai la kufunikia lisisubiri mwakani, upepo wa huku unakausha maji balaa.