Je, filamu ya kujitegemea igharamiwe kwa mkopo wa Serikali?

Swali: Mimi ni mtayarishaji wa filamu wa kujitegemea jijini Mwanza. Nina skripti ya filamu ndefu ambayo sehemu yake itapigwa Unguja, na sina msambazaji wala kampuni kubwa ya kunishika mkono. Nimesikia kuwa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unakopesha wasanii. Je, ni busara kuigharamia filamu nzima kwa mkopo huo, na je, kibali cha Bodi ya Filamu kitanisaidia kuupata?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa filamu ya aina yako nisingekushauri kukopa bajeti nzima, hata kama masharti ya mkopo ni nafuu. Mkopo una tarehe ya marejesho inayojulikana tangu siku ya kutia saini, ilhali mapato ya filamu ya kujitegemea hayana tarehe. Baada ya kupiga picha kuna uhariri, usanifu wa sauti na ukaguzi wa Bodi, na ukitaka filamu iingie kwenye matamasha utalazimika kuizuia isioneshwe popote kwa muda, kwa kuwa matamasha mengi makubwa hutaka kuwa ya kwanza kuionesha. Katika kipindi hicho chote unadaiwa na huna unachouza. Nimewaona watayarishaji wenye kipaji wakilazimika kuuza haki zote za kazi yao kwa bei ya kutupa ili kutuliza deni, na hilo linaniumiza kwa sababu filamu yenyewe ilikuwa nzuri.

Mkopo una mahali pake, hata hivyo. Unafaa kununulia kamera na taa ambazo utazikodisha kwa wengine pale usipozitumia, maana kifaa kinaingiza fedha kila mwezi. Unafaa pia kuziba pengo pale ambapo kituo cha televisheni kimetia saini mkataba wa kununua filamu lakini kitalipa baada ya kuipokea. Hapo mkopeshaji anaona chanzo cha marejesho, na wewe unakopa kiasi kisichozidi mkataba ulio nao mkononi.

Kuhusu kibali, inafaa uelewe kwanza shabaha ya sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 ilitungwa wakati ambapo dola yenyewe ndiyo iliyokuwa mtengenezaji na msambazaji mkubwa wa filamu, na kazi yake kuu ni kudhibiti: unaomba kibali kabla ya kupiga picha, ukiambatisha maelezo ya matukio ya filamu na maneno yatakayosemwa, na filamu ikikamilika inakaguliwa kabla ya kuoneshwa hadharani. Kwa hiyo kibali hakikupi haki yoyote ya kupata fedha. Faida yake katika ombi la mkopo ni ya upande mwingine: filamu isiyo na kibali haiwezi kuoneshwa kihalali, na filamu isiyoweza kuoneshwa haiwezi kulipa deni. Kwa matukio yatakayopigwa Unguja utahitaji utaratibu tofauti, kwa kuwa utamaduni si jambo la Muungano, na huko mwenye mamlaka ni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar. Liweke jambo hili kwenye ratiba na bajeti mapema, kabla hujalipia nauli za boti za wasanii.

Nyaraka zinazoamua zaidi ni zile za haki, na hapa ndipo maombi mengi hukwama. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, na usajili kwenye Ofisi ya Hakimiliki ni ushahidi tu wa umiliki. Maana yake ni kwamba aliyekuandikia skripti, aliyekutungia muziki na mwandishi wa hadithi uliyoiazima wote wana haki zao mpaka wakukabidhi kwa maandishi. Makubaliano ya mdomo na rafiki aliyepiga kinanda yanatosha kuizuia filamu isinunuliwe, hata awe bado ni rafiki.

Kwa fedha zisizorejeshwa, usitazame Serikali moja peke yake. World Cinema Fund ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 2004, na Hubert Bals Fund ya Rotterdam, iliyoanza mwaka 1988, husaidia filamu kutoka nchi kama yetu. Ufaransa, kupitia CNC, taasisi yake ya kitaifa ya sinema, ina msaada kwa filamu za nje tangu mwaka 2012, kwa sharti la kuwa na mtayarishaji mwenza Mfaransa. Nguvu ya CNC, iliyoundwa mwaka 1946, inatokana na utaratibu ulio wazi: asilimia 10.72 ya kila tiketi ya sinema hurudi katika utengenezaji na uoneshaji wa filamu, bila kusubiri ukarimu wa bajeti ya mwaka.

Utaratibu wa namna hiyo ndio ninaoutamani kwetu, ingawa hauwezi kunakiliwa ulivyo. Kumbi zetu za sinema ni chache, na watazamaji wengi wako kwenye vibanda umiza, ving'amuzi na simu. Tozo ya kuisaidia filamu ingebidi itoke huko, na sehemu yake itolewe kama ruzuku ya kuandika skripti na kutafuta maeneo, hatua ambayo hakuna benki yoyote itakayoikopesha kwa sababu bado haina cha kuuza.

Kwa sasa, anza na mikataba ya haki, kisha bajeti yenye mstari wa ada za vibali vya pande zote mbili za Muungano, kisha tafuta mtayarishaji mwenza na barua ya kituo kimoja cha televisheni. Ukiwa na barua hiyo imegeuka mkataba wenye kiasi na tarehe ya malipo, nenda kwenye Mfuko na uombe kiasi hicho au pungufu yake.