Anza na Charles II

Ndugu, umeuliza uanze na wasifu wa nani kati ya wafalme wa Uingereza wa karne ya 17. Wengi watakutajia Charles I, aliyekatwa kichwa 1649. Mimi nasema mwanawe, Charles II. Baada ya kushindwa na jeshi la Bunge vitani mjini Worcester mwaka 1651, kijana wa miaka 21, alijificha mchana kutwa juu ya mti wa mwaloni huku askari wa Bunge wakimsaka. Mwaka 1680 alimsimulia Samuel Pepys, mwandishi wa shajara, mkasa huo, naye akaunakili kwa hati mkato. Basi dukani, ukishika wasifu wake, fungua sura ya mkasa huo kwanza: mwandishi akipima maneno ya mfalme kwa ushahidi wa wengine, nunua. Akiyameza yote, rudisha kwenye rafu. James I, babu yake, msome baadaye. Malumbano yake na Bunge humchosha mgeni.