Maswali ya Jikoni: Barafu za Rozela na Aiskrimu ya Asumini

Joto limepanda na barua za mwezi huu karibu zote zinahusu friza. Wengi mnataka kutia maua kwenye barafu na aiskrimu, na wengi mmekwamia mahali pale pale. Tumejibu sita.

Barafu zangu za rozela ukizinyonya mara tatu nne, rangi na utamu vyote vinaisha, mkononi linabaki pande jeupe gumu kama jiwe. Wateja wangu ni wanafunzi na wameanza kulalamika. Nakosea wapi?
*Msomaji wa Temeke, Dar es Salaam*

Rozela yako haina kosa, dada. Tazama sukari, na tazama mwendo wa kuganda. Kinachoganda kwanza ni maji matupu. Yakiganda polepole hujenga chembe kubwa, na sharubati yenye rangi na sukari husukumwa kuelekea moyoni, ikajibana kati ya chembe hizo. Mtoto akinyonya anaivuta ile sharubati yote, chembe za maji zinabaki. Chukua barafu yako moja uipasue katikati kwa kisu: nje utaona weupe, moyoni wekundu mzito.

Kwa barafu kumi za mililita 100, chukua gramu 40 za rozela kavu (vikombe viwili visivyoshindiliwa), maji lita moja na robo, sukari gramu 180 (kikombe cha mililita 250 kasoro vijiko viwili vya chakula), chumvi punje chache, na unga wa ubuyu vijiko vitatu vya chakula. Huo ubuyu si wa ladha tu. Una pektini, kitu cha asili kinachofanya maji kuwa mazito kidogo, na maji mazito hayajengi chembe kubwa. Kama huna, koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi kwenye maji baridi kidogo, ukipike ndani ya sharubati hadi kiive.

Suuza rozela haraka kwa maji baridi kuondoa mchanga. Usiiloweke, utamwaga rangi. Maji yakichemka itie, ichemke dakika tano, zima moto, funika dakika ishirini. Chuja, tia sukari na chumvi ikiwa bado ya moto. Ikipoa, koroga ubuyu na uchuje tena kwa kitambaa. Onja sasa: inatakiwa ikuzidi utamu kidogo, kwa sababu ulimi uliopoa hausikii sukari vizuri. Lakini usipite gramu 250 kwa lita. Ukizidisha, itakuwa laini mno na haitashika vizuri kwenye friza ya nyumbani.

Halafu jambo ambalo wengi hulipuuza: weka sharubati kwenye friji saa mbili kwanza, ndipo ujaze vifuko. Ikiingia kwenye friza ikiwa ya uvuguvugu, inaganda polepole na kuzipasha moto barafu za jirani. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya kila kifuko, maana maji yakiganda hutanuka. Vilaze vifuko kwenye sinia la bati, kimoja kimoja, visipandane. Ukivirundika kwenye mfuko mmoja mkubwa, vya katikati vitaganda kesho yake, na hivyo ndivyo vitakavyokuwa jiwe jeupe.

Na sufuria. Rozela ni chachu, nazo sufuria zetu nyingi ni za alumini. Ukiichemshia humo rangi inafifia na barafu inakuwa na ladha ya bati. Tumia ya stenlesi au ya enameli. Neno la mwisho ni la afya: rozela hushusha presha, kwa hiyo mjamzito au anayetumia dawa za presha amuulize daktari kabla ya kuifanya ya kila siku.

Shikamooni. Nilichemsha maziwa na maua ya asumini nikatengeneza aiskrimu. Imetoka chungu, na harufu yote imeishia hewani. Asumini haifai kuliwa?
*Msomaji wa Unguja*

Marahaba, mwanangu. Inafaa, ila ua la rangi hupikwa, ua la harufu halipikwi. Rozela inataka moto ili itoe wekundu wake. Asumini ikipata moto, manukato yanapanda na mvuke, na kinachobaki kwenye maziwa ni uchungu wa kikonyo.

Chuma matumba ya asumini saa kumi na moja jioni, yale yaliyovimba na kuwa meupe kabisa lakini bado yamefumba. Asumini hufumbuka usiku na hapo ndipo inaponukia zaidi, kwa hiyo iache ifumbukie jikoni kwako, siyo mtini. Yatandaze maua juu ya kitambaa cheupe kwa dakika kumi. Wadudu wadogo watatoka wenyewe na utawaona wakitembea. Usiyaoshe. Ng'oa kikonyo cha kijani kwa kucha, ua moja moja. Ni kazi ya uvumilivu, na ndiyo inayoondoa uchungu.

Maua arobaini yanatosha nusu lita ya krimu nzito (tafuta yenye mafuta asilimia 35). Mafuta hushika harufu kuliko maji. Krimu iwe baridi, zamisha maua, funika sana, weka kwenye friji usiku kucha, kwa muda wa saa nane hadi kumi. Asubuhi chuja bila kukamua. Ukikamua, uchungu unarudi. Nusa: kama harufu ni hafifu, rudia krimu hiyo hiyo na maua mapya jioni inayofuata, ndivyo inavyoongezwa nguvu.

Piga krimu kwa mchapo hadi ishike umbo laini, ncha yake ikiinama. Mimina kopo moja la maziwa mazito ya sukari, la karibu gramu 400, likiwa baridi, ukichanganya kwa kupindua kutoka chini kwenda juu ili hewa isitoke. Weka kwenye chombo chenye mfuniko, gandisha kwa muda wa saa nane. Haihitaji kukorogwa katikati. Krimu ukiipiga mno itajikata na kuanza kuwa siagi, na hapo hairudi.

Usipopata krimu, loweka maua kwenye mililita 300 za maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Pembeni pika mililita 700 za maziwa na sukari gramu 150 na vijiko vitatu vya chakula vya wanga wa mahindi, yapoe kabisa, ndipo uchanganye. Hii koroga kwa uma kila baada ya dakika arobaini, mara nne, kuvunja chembe. Itakuwa nzuri, ingawa si laini kama ya krimu.

Naweza kutumia mawaridi ninayonunua kwa wauza maua mjini? Yanatoka Naivasha na ni mazuri sana.
*Msomaji wa Nairobi*

Hapana. Mawaridi hayo yamekuzwa kwa ajili ya chombo cha maua, na dawa yanayopigwa hazikupangiwa chakula. Nyingine huingia ndani ya mmea, hazitoki kwa kuoshwa. Tumia waridi la bustanini ambalo unajua halijapigwa dawa, na lenye harufu, kwani lisilonukia halina ladha pia. Kata ile sehemu nyeupe chini ya kila petali, ni chungu. Au tumia maji ya waridi, vijiko viwili vya chai kwa lita, yatiwe mchanganyiko ukishapoa. Soma chupa: iandikwe kuwa ni ya kupikia, na ndani yasiwepo mengine zaidi ya waridi na maji. Marashi ya kujipaka yabaki kwenye kabati la nguo.

Nataka vipande vya barafu vyenye ua zima ndani kwa ajili ya vinywaji vya harusi. Kila nikijaribu ua linaelea juu, linakuwa la kahawia, na barafu yenyewe nyeupe.
*Msomaji wa Mombasa*

Ua huelea kwa sababu limebeba hewa, kwa hiyo gandisha kwa tabaka. Jaza theluthi ya trei, gandisha saa moja na nusu. Laza ua likiwa kifudifudi, nyunyiza maji ya baridi sana vijiko viwili vitatu, kiasi cha kulinata tu. Likishika, ndipo ujaze. Maji ya vuguvugu yatayeyusha tabaka la chini na ua litapanda tena. Ukahawia huja pale petali inapochubuka na kukutana na hewa: chuma asubuhi, shika kwa kikonyo, na kamulia matone machache ya limau kwenye maji.

Weupe ni hewa iliyonaswa. Kuchemsha maji kunasaidia kidogo tu. Njia ya kweli ni kugandisha kutoka upande mmoja: chukua kontena dogo la kuhifadhia baridi, lijaze maji, liweke kwenye friza bila mfuniko. Barafu itaanzia juu na kuisukuma hewa chini. Litoe kabla ya chini kuganda, pasua sehemu ya ukungu uitupe, iliyobaki ni safi kama kioo. Ikate vipande uitie kwenye jagi, na petali zielee kwenye kinywaji chenyewe.

Kwa kuwa ni harusi na watoto watakuwepo, tusisitize: weka maua yanayolika tu, hata kama ni pambo. Olianda ya kwenye uzio, mnanaha, lantana, na kile kichaka chenye maua membamba ya kijani-manjano kinachonukia usiku, vyote ni sumu. Franjipani nayo ina utomvu unaochoma mdomo. Usipolijua ua kwa jina, lisiingie kwenye glasi.

Niko Muscat, asumini mbichi siipati. Nifanye nini kwa kulfi, ile aiskrimu ya Kihindi, yenye harufu ya ua?
*Msomaji wa Oman*

Wewe umekaa karibu na hazina, ndugu. Maji ya waridi ya Jabal Akhdar, yanayotengenezwa kwa njia ya zamani juu ya moto wa kuni, yana moshi kidogo, na moshi huo unapatana mno na maziwa yaliyopikwa sana. Punguza lita mbili za maziwa kwa moto mdogo hadi yabaki mililita 900, ukikwangua utando wa pembeni na kuurudisha ndani. Ndio unaoipa kulfi utafunikaji wake. Tia sukari gramu 120, iliki sita zilizopondwa, na nyuzi thelathini za zafarani zilizolowekwa kwenye vijiko viwili vya maziwa ya vuguvugu. Zafarani nayo ni sehemu ya ua. Yakipoa, ongeza maji ya waridi kijiko kimoja cha chai, onja, kisha cha pili. Karafuu pia ni ua lililokaushwa kabla ya kufumbuka: mbili zichemke na maziwa, zitolewe. Zikiwa tano, hutasikia kingine.

Umeme ukikatika na vitu vikayeyuka, naweza kugandisha upya?
*Msomaji wa Bukoba*

Vya maziwa vilivyoyeyuka na kukaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, mwaga. Kuganda hakuui vijidudu, kunavisimamisha tu. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hukaa na baridi karibu siku mbili, iliyo nusu kama siku moja, kwa hiyo jaza nafasi tupu na chupa za maji. Barafu za rozela zikiyeyuka, usizirudishe: zitatoka na chembe kubwa. Zimimine kwenye jagi, ongeza maji kidogo na ndimu, zinywewe siku hiyo hiyo.